Undani wako anaujua anayekupikia

Ingia nyumba yoyote ya watu wenye uwezo kidogo siku ya Jumapili, mgeni anapobisha hodi. Sauti inayompokea ni laini: "Karibu, karibu sana, hapa ni kwako." Dakika hiyohiyo shingo inageuka kuelekea jikoni, na kinywa kilekile kinatoa sauti nyingine kabisa: "We! Soda ziko wapi? Mpaka nikuite mara ngapi?" Kisha shingo inarudi, tabasamu linarudi, maongezi yanaendelea. Mgeni hakusikia. Au alisikia, akaona heri ajifanye hakusikia. Nimeiona shingo hiyo ikigeuka katika nyumba za wasomi na za wafanyabiashara, za walokole na za maalhaji, na kila nikiiona najiuliza: kati ya sauti mbili hizi, ipi ndiyo ya mwenye nyumba?

Ukimuuliza mwenyewe atakujibu bila kusita kwamba ni ile ya kwanza. Wala hatakuwa anakudanganya. Ile ya pili ilimtoka na kupita, naye hakuisikia. Aliyeisikia yuko jikoni.

Jambo hili limewashughulisha watu wenye fikra nzito kwa zaidi ya miaka 2,000. Wanafalsafa wa Kibudha huko India walilifikia kwa kukaa kimya na kuitazama akili ikifanya kazi zake. Madaktari wa Ulaya walilifikia mwishoni mwa karne ya 19 kwa kuwasikiliza wagonjwa walioumwa bila kidonda wala homa. Pande zote mbili zikakiri kwamba sehemu kubwa ya akili inayotuendesha hatuioni. Wataalamu wetu wa Kiswahili wameiita ung'amuzi bwete. Nakubaliana nao, lakini naona wote wameliacha jambo moja pembeni, nalo ndilo ninalolisimamia hapa. Kilichofichika kwa mwenyewe hakijafichika kwa watu wote. Dada wa kazi anakiona. Mlinzi wa getini anakiona. Mtoto anayesikiliza mlio wa funguo mlangoni ili ajue leo baba amerudi akiwa vipi, naye anakiona. Wanalazimika kukiona, kwa sababu amani yao ya siku nzima inategemea kukiona mapema. Na sisi tusipotaka kukijua, wanaolipa ni haohao.

Kali aamua kupima

Katika mafundisho ya Budha yaliyohifadhiwa kwa lugha ya Kipali kuna kisa ambacho kila mwenye kuajiri msaidizi wa ndani angepaswa kukijua. Katika mji wa Savatthi, kaskazini mwa India, aliishi mama mmoja mwenye mali aliyeitwa Vedehika. Sifa zake zilienea mji mzima: mpole, mnyenyekevu, mtulivu. Alikuwa na mtumishi wake, binti aliyeitwa Kali, hodari na mchapakazi, kazi zake hazina dosari.

Siku moja Kali akaingiwa na wazo. Bibi huyu anasifiwa upole. Je, hasira hana kabisa, au anayo ila haionyeshi? Au haionyeshi kwa kuwa kazi zangu ni safi na hazimpi pa kuanzia? Akaamua kumpima. Kesho yake akachelewa kuamka. Bibi akamwita, akamuuliza kulikoni. Kali akajibu kwamba hakuna kitu. Bibi akachukia, akakunja uso. Kali akajua kwamba hasira ipo. Akapima tena kwa kuchelewa zaidi, na safari hii bibi akafoka. Akapima mara ya tatu. Vedehika akachukua komeo la mlango, akampiga nalo kichwani, kichwa kikapasuka. Kali akatoka nje damu zikimtiririka, akawaonyesha majirani kazi ya yule mama waliyemsifu. Sifa mpya zikaanza kuenea mjini.

Budha aliwasimulia watawa wake kisa hiki kuwaonya kwamba mtu hapewi jina la upole kwa sababu tu hajaguswa. Upole wake hujulikana pale maneno asiyoyapenda yanapomfikia. Akaongeza kwamba hamhesabu kuwa msikivu mtawa anayepokea maonyo kwa sababu tu anataka nguo, chakula, malazi na dawa. Watoa mada wengi wanaokisimulia kisa hiki humkazia macho Vedehika. Mimi namtazama Kali.

Ni Kali aliyeuliza swali gumu kuliko yote katika habari hii: kutoonekana kwa hasira na kutokuwepo kwa hasira ni kitu kimoja? Aligundua pia kwamba huenda utulivu wa bibi si mali ya bibi, bali ni matunda ya jasho la mtumishi aamkaye alfajiri. Akabadili kitu kimoja tu, saa ya kuamka, akatazama kinachotokea, akarudia. Mtafiti wa leo angefanya nini zaidi ya hapo? Tofauti ni kwamba mtafiti wa leo analipwa, ilhali gharama ya utafiti wa Kali ilitoka kichwani mwake mwenyewe.

Tena sidhani kwamba Vedehika alikuwa mnafiki. Mnafiki anajua anachokificha. Huyu mama, kwa jinsi ninavyomsoma, aliamini sifa zake kama majirani walivyoziamini. Asubuhi ya kwanza, kabla Kali hajachelewa, ungemuuliza kama ana hasira angekuapia kwamba hana, na kiapo chake kingekuwa cha kweli kwa kadiri anavyojijua. Kwa hali kama hiyo Wabudha wana neno anusaya, yaani mwelekeo uliolala ndani ya mtu ukingoja wa kuuamsha. Katika fundisho jingine Budha anamtolea mfano mtoto mchanga aliyelala chali: hajui hata kwamba kuna "mimi", lakini mwelekeo wa kung'ang'ania "mimi" tayari umelala ndani yake.

Ghala lisilofungwa

Swali likabaki: mielekeo hiyo inalala wapi? Mtu akipitiwa na usingizi mzito usio na ndoto, hasira yake iko wapi? Mtawa akizama katika tafakuri hata mawazo yote yakasimama, kisha akazinduka na tabia zake zilezile, zilihifadhiwa na nani? Huko Sri Lanka, katika karne ya 5, mwalimu Buddhaghosa alifafanua fundisho la bhavanga, mkondo mtulivu unaoendeleza uhai wa akili kati ya wazo moja na jingine. Jibu hilo liliwatosha wengi.

Lakini kabla yake jibu jingine lilikuwa limetolewa na ndugu wawili, Asanga na Vasubandhu, wenyeji wa Purushapura, mji ambao leo ni Peshawar nchini Pakistan. Shule yao ya Yogachara, iliyochanua kuanzia karne ya 4 hivi, ilihesabu fahamu nane. Tano ni za milango ya hisi: jicho, sikio, pua, ulimi na mwili. Ya sita ndiyo inayofikiri na kupanga. Ya nane, iliyo chini ya zote, ni alaya-vijnana, fahamu ghala. Kila tendo, kila neno na kila nia huangusha mbegu humo. Mbegu hukaa kimya hadi hali inapoiruhusu, ndipo inachipua kuwa tendo au neno jipya, nalo linaangusha mbegu nyingine. Ghala hili halina siku ya kufungwa. Linapokea usiku na mchana, na walilieleza kuwa linatiririka kama mto. Walisema pia kwamba matendo huliachia harufu. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa hilo mara mbili: aliyevaa nguo iliyofukizwa udi ameshaizoea harufu yake na haisikii tena, lakini anapopita, waliokaa barazani wanajua nani amepita.

Kati ya ya sita na ya nane kuna ya saba, na hapa ndipo ndugu hawa wanaponishika zaidi. Kazi ya fahamu ya saba ni kulitazama lile ghala linalotiririka na kulikamata ikisema: huyu ndiye mimi. Daima inafuatana na mambo manne: kutojijua, kujidhania, kujikweza na kujipenda. Nadhani hapo ndipo komeo la Vedehika lilipotoka. Kuchelewa kwa mtumishi si kosa la kumpasua mtu kichwa. Kilichoguswa ni "mimi mpole", ile picha ambayo fahamu ya saba ilikuwa imeikumbatia kwa miaka. Kali alikuwa anaithibitisha picha hiyo kila alfajiri. Siku alipoacha kuithibitisha akageuka adui. Baba wangapi wamempiga mtoto si kwa kosa alilofanya, bali kwa sababu kosa hilo lilimwonyesha baba kwamba yeye si baba anayejidhania kuwa?

Fundisho hili halikuwa la pembeni. Katika karne ya 7 mtawa wa Kichina, Xuanzang, alivuka majangwa na milima hadi chuo kikuu cha Nalanda nchini India ili alisome kwenye chimbuko lake, akarudi China mwaka 645 na shehena ya maandiko aliyotumia maisha yake yote yaliyosalia kuyatafsiri.

Msomaji Mwislamu au Mkristo ataniuliza: ghala hilo si ndilo linalodaiwa kuvuka kutoka uhai mmoja hadi mwingine? Ndilo. Waliliweka pia ili kueleza jinsi matendo ya mtu yanavyomfuata katika kuzaliwa upya, na imani hiyo si yangu. Lakini siwezi kuikata na kuitupa, halafu nikadai kwamba bado naieleza falsafa yao ilivyo. Kwa sababu hiyohiyo nawapinga wanaosema Budha alikuwa Freud kabla ya Freud. Wanawakosea wote wawili. Freud hakuamini kwamba chochote cha nafsi kinasalia mwili ukifa. Budha naye hakuwa anatibu wagonjwa wa Vienna; alikuwa akiwafundisha watu kukomesha mateso yenyewe, pamoja na huyo "mimi" anayeteseka.

Sebule ya Freud

Sigmund Freud aliishi na kutibu watu katika nyumba namba 19, mtaa wa Berggasse, Vienna, kuanzia 1891 hadi 1938, alipowakimbia Wanazi akaenda London, akafia huko mwaka uliofuata. Alichokiongeza katika elimu ya akili si habari kwamba kuna yasiyoonekana. Hilo Wazungu walishalisema kabla yake. Eduard von Hartmann alikuwa amechapisha kitabu kizima kuhusu falsafa ya akili isiyojitambua mwaka 1869, Freud akiwa kijana wa shule. Alichokiongeza ni kwamba yasiyoonekana yamezuiwa yasionekane. Kuna nguvu inayoyasukuma yarudi chini.

Katika mihadhara yake ya wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alilieleza hilo kwa mfano wa nyumba. Kuna ukumbi mkubwa wa nje ambamo misukumo ya nafsi imejazana. Pembeni yake kuna sebule ndogo ambamo fahamu imekaa. Mlangoni, kati ya vyumba viwili, amesimama mlinzi. Anakagua kila anayetaka kuingia sebuleni, na asiyempendeza anamrudisha. Mlinzi akisinzia, waliozuiwa wanapenya wakiwa wamejifunika: kwa njia ya ndoto, kwa jina ulilolisahau ghafla, kwa ulimi kuteleza. Waswahili hawakungoja Vienna kulijua hili la mwisho. Lililo moyoni ulimi huiba.

Mfano huo unanivutia kwa sababu ni nyumba yetu hasa, yenye sebule ya wageni na uani kwa wasiotakiwa kuonekana. Ila Freud hakumweka mtumishi ndani ya nyumba ile, na mtumishi ndiye anayepita vyumba vyote viwili, akibeba sinia.

Angeweza kumwona. Mwaka 1900 baba mmoja alimletea binti yake wa miaka 18 ambaye katika maandishi yake alimpa jina la Dora. Binti alikuwa akikohoa bila sababu ya kitabibu na sauti ikimpotea. Malalamiko yake yalikuwa wazi: rafiki wa familia, mwanamume mwenye mke, alimwandama tangu akiwa na miaka 14 hivi, baba alipoambiwa hakumwamini, na baba huyo alikuwa na uhusiano na mke wa rafiki huyohuyo. Dora aliona kwamba ametolewa kama fidia ya kumnyamazisha mume. Freud aliamini kwamba matukio yalitokea. Lakini badala ya kukaa na maumivu ya binti, akashikilia kwamba moyoni mwake, pasipo kujua, anampenda mwanamume yule. Kila Dora alipokataa, kukataa kwake kukahesabiwa kuwa ushahidi zaidi.

Baada ya wiki kama 11, siku ya mwisho ya Desemba 1900, Dora alimwambia daktari kwamba hiyo ni siku yake ya mwisho, na kwamba uamuzi aliufanya wiki mbili kabla. Freud akamwambia kwamba hiyo ni kama notisi ya mtumishi wa nyumbani. Alitaka kuonyesha maana iliyofichika katika maneno ya binti. Lakini yeye mwenyewe alikuwa amemwona msichana huyo kama nani muda wote ule? Mwaka 1905 alipokichapisha kisa hicho alikiri kwamba hakuona mapema jinsi mambo ya ndani yalivyokuwa yakiendelea kati yake na mgonjwa. Namheshimu kwa kukiri. Ila aliyeyaona mapema alikuwa yule binti aliyelala kwenye kochi, akaondoka kwa miguu yake.

Pini mkononi

Kuna jaribio moja la Geneva ambalo haliniachi. Daktari Édouard Claparède alikuwa na mgonjwa mwanamke ambaye ubongo wake ulikuwa hauwezi tena kushika kumbukumbu mpya. Daktari akitoka chumbani na kurudi, mgonjwa anamsalimu kama mtu asiyemjua. Siku moja daktari alificha pini katikati ya vidole, akampa mkono, akamchoma. Mara mwanamke akasahau. Lakini daktari alipomkaribia tena kutaka kumpa mkono, aliurudisha mkono wake kwa haraka. Alipoulizwa kwa nini, hakujua. Alipobanwa zaidi akasema kwamba pengine pini hufichwa mikononi mwa watu. Claparède alichapisha habari hiyo mwaka 1911.

Kwa Asanga, hiyo ni mbegu: imo ghalani, imechipua, na mwenye shamba hajui ilipandwa lini. Hapa Freud hana mengi ya kutuambia, kwa sababu hakuna kilichozuiwa na mlinzi; kumbukumbu yenyewe haikuwahi kufika mlangoni. Hii ndiyo sababu naona Wabudha waliona mbali zaidi katika jambo hili moja. Kwao si lazima kitu kiwe cha aibu au cha kutisha ndipo kiende chini. Kila kitu kinakwenda chini. Soda iliyoitishwa kwa kelele inakwenda chini. Salamu isiyojibiwa inakwenda chini. Inakwenda katika ghala la aliyefokewa na katika ghala la aliyefoka, wote wawili, na keshokutwa huyu wa pili atafoka kwa urahisi zaidi kidogo.

Mara ngapi tunasema mbele ya mtoto wa miaka miwili, baba na mama wakitupiana maneno, "huyo bado mdogo, haelewi"? Ni kweli hatakumbuka. Yule mgonjwa wa Geneva naye hakukumbuka. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mwingine hushtuka pasipo kumjua nyoka aliyemuuma. Halafu mtoto anafika darasa la pili, mwalimu akiinua mkono kuandika ubaoni yeye anajikunyata, na tunaanza kuulizana amerithi woga kwa nani.

Na tuseme lililo wazi kuhusu jaribio lenyewe: aliyeficha pini alikuwa daktari, aliyechomwa alikuwa mgonjwa asiyeweza hata kwenda kulalamika. Elimu tuliyoipata ni ya thamani. Ilipatikana kwa kumuumiza aliye chini, kama ile ya Savatthi, ila Kali alikuwa amechagua mwenyewe.

Mzee wa Elgon

Mwishoni mwa mwaka 1925 meli ilitia nanga Mombasa ikiwa na abiria Mswisi, Carl Gustav Jung, aliyekuwa mwanafunzi na rafiki wa Freud kabla hawajakosana. Alipanda treni hadi Nairobi, akaendelea hadi mlima Elgon, akakaa na watu aliowaita Elgonyi, akazungumza nao kwa Kiswahili cha kubahatisha, kamusi ndogo mkononi. Alikuwa anatafuta ndoto. Nadharia yake ilisema chini ya undani wa kila mtu kuna undani wa pamoja wa binadamu wote, na aliamini kwamba mbali na miji ya Ulaya ataukuta ukiwa karibu zaidi na uso wa ardhi. Fikra hiyo ilitufanya sisi kuwa watoto wa historia, na siwezi kuipita bila kusema kwamba ilikuwa dharau, hata kama ilivaa joho la elimu.

Jibu alilopata amelisimulia katika kumbukumbu zake zilizotoka baada ya kifo chake mwaka 1961. Mzee mmoja, laibon, yaani mganga na mwaguzi, alimweleza kwamba zamani laiboni waliota, wakajua kama vita vinakuja, kama maradhi yanakuja, kama mvua itanyesha na mifugo ipelekwe wapi. Tangu Wazungu waje, hakuna anayeota tena. Ndoto hazihitajiki, kwa kuwa sasa Waingereza wanajua kila kitu.

Jung aliyasikia maneno hayo kama kilio cha utamaduni unaokufa. Mimi nasikia zaidi ya hapo. Nasikia mtu aliye chini akimweleza aliye juu kilicho ndani ya aliye juu: nyinyi mnadhani mnajua kila kitu. Nani kati ya maofisa wa Nairobi angeweza kujisemea hivyo kwa uwazi ule? Majivuno ya dola nzima yalikuwa yamefichika kwa wenyewe, wakayaita kazi ya kustaarabisha, na mzee wa mlimani akayataja kwa sentensi chache. Jung alisafiri maelfu ya maili kutafuta undani wa Mwafrika, akapewa undani wa Mzungu.

Utulivu usiopimwa

Siku hizi pande zile mbili, ya Wabudha na ya madaktari wa nafsi, zimekaribiana. Mwaka 1957 mwanasaikolojia Erich Fromm alimwalika mwanazuoni wa Ubudha wa Zen, D. T. Suzuki, huko Cuernavaca, Meksiko, wakajadiliana na waganga wa nafsi kwa siku kadhaa. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn alianza kuwafundisha wagonjwa wenye maumivu sugu katika Chuo Kikuu cha Massachusetts mbinu za Kibudha za kutuliza akili, akiziacha bila vazi la dini. Kutoka hapo zimeenea hospitalini, jeshini, maofisini na kwenye simu. Huku kwetu pia hazikuja jana: Dar es Salaam lipo hekalu la Kibudha lililojengwa na Wasinhala wakati wa ukoloni, na Uganda kuna kituo kilichoanzishwa mwaka 2005 na mtawa Mganda, Buddharakkhita.

Sina ugomvi na anayekaa kimya nusu saa kila asubuhi akifuata pumzi yake. Inasaidia. Ninachokihofia ni utulivu unaopatikana chumbani, mlango ukiwa umefungwa, huku mtu mwingine akiwa ameamka saa kumi na moja kuwasha moto, kuandaa watoto na kunyamazisha nyumba ili bosi atafakari. Huo ni utulivu wa Vedehika kabla ya asubuhi ile. Bado haujapimwa. Na ushauri nasaha nao, tunaoulipia kwa saa, una kasoro hiyohiyo: mteja anaeleza maisha yake kwa mshauri, mshauri anaandika, na katika simulizi lote hilo wasaidizi wa nyumbani wanapita nyuma ya pazia bila jina. Mwenye kovu usidhani kapoa, lakini wale ambao yeye amewatia kovu, nani atawauliza?

Mtawa wa Vietnam, Thich Nhat Hanh, aliyefariki mwaka 2022, alilichukua fundisho la ghala na mbegu akalifanya kazi ya jumuiya. Katika makao aliyoyaanzisha Ufaransa mwaka 1982 watu wanaoishi pamoja hukaa kitako mara kwa mara. Kila mmoja anataja jema aliloliona kwa mwenzake, kisha anataja alilolikosea, kisha, kwa upole, lililomuumiza. Hapo Asanga anakutana na Freud kwa namna ninayoiunga mkono: kinachozuiwa mlangoni kinapewa nafasi ya kusemwa, na kinachopandwa ghalani kinatazamwa kinapopandwa.

Sisi tunavyo vikao vyetu. Ndoa ikiyumba wazee wanaitwa, mchungaji anaitwa, sheikh anaitwa, mashangazi wanapanda basi kutoka mkoani. Mkeka unatandikwa, mume anaeleza, mke anaeleza, shemeji anaingilia. Nimekaa katika vikao hivyo na sijaona hata kimoja ambamo dada wa kazi, aliyelala chumba cha pili na kusikia kila neno kwa miaka mitatu, aliitwa aseme. Ameitwa kuleta chai. Watoto wamepelekwa kwa jirani. Kisha wazee wanashangaa kwamba kila upande unajieleza kuwa mpole na nyumba bado inawaka.

Naomba jambo moja tu kwa wanaosuluhisha familia, na kwa washauri wanaofungua ofisi mijini. Kabla hamjawasikiliza wenye nyumba, msikilizeni dada wa kazi, na mtoto mkubwa, kila mmoja peke yake. Msimsikilize mbele ya mwajiri, maana mbele ya mwajiri atainama na kusema kila kitu ni sawa, na atakuwa na sababu nzuri ya kusema hivyo. Mhakikishieni mshahara wa mwezi huo kwanza, mkononi. Mpeni hakikisho kwamba hatafukuzwa kwa maneno yake, na muwe na uwezo wa kulisimamia, la sivyo msimuulize kabisa. Msimuulize kama bibi ni mkali au bwana ni mpole. Muulizeni ni saa ngapi huanza kuogopa.